Noah, Baiskeli Sita na Mjomba wa Chula

Mjomba wangu alizaliwa Chula, na hadi leo hajui kuendesha gari wala hana hamu ya kujifunza. Anasema alipokuwa akikua kisiwani hapakuwa na gari hata moja. Aliyetaka kuliona gari alipanda mashua hadi Kismayo, na huko bandarini akayakuta malori yakishusha ndizi za mashamba ya Mto Juba. Chula ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni, vile vilivyojipanga sambamba na bara kutoka kusini ya Kismayo kuja mpaka karibu na Kenya; Koyama, Chovai na Chula ndivyo vinavyojulikana zaidi. Mtu wa huko ukimtajia chombo cha mizigo, akili yake inakwenda baharini moja kwa moja.

Kwa hiyo nilipomweleza kwamba natafuta gari la kubebea baiskeli, sikutarajia msaada wake. Wenzangu hapa Mombasa walikuwa wameshanitajia majina kabla sijamaliza kusema shida yangu. Mmoja Probox, mwingine Land Cruiser, wa tatu akaniambia nikodi lori la Canter niondokane na kero. Mjomba alisikiliza yote, akatafuna tambuu yake taratibu, kisha akauliza, "Zitashukia wapi?"

Zilikuwa za kushukia Kizingitini, upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, huko Lamu. Vita vya Somalia vilipovifikia visiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa Chula walikimbia kwa mashua wakifuata pwani kuja kusini. Wengi walifika Mombasa wakawekwa kambini Jomvu, na kambi za Mombasa zilipofungwa mwishoni mwa muongo ule, kila mtu akashika njia yake: kuna waliorudi, kuna waliofika Uingereza na Uholanzi, na kuna waliojisitiri kwa Wabajuni wenzao wa Faza na Kizingitini. Hawakuwa wageni huko. Jubaland yote, Chula ikiwemo, ilikuwa chini ya Kenya ya Waingereza mpaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi kwa Italia. Mpaka ukapita katikati ya watu waliokuwa wakioana na kuvua pamoja. Jamaa zetu wa Kizingitini waliomba baiskeli. Pate ina pikipiki za abiria, lakini pikipiki hunywa petroli, na petroli kisiwani ni bei ya kuumiza. Mimi nauza baiskeli za mtumba. Ombi likanikalia shingoni.

Baiskeli zenyewe ni zile zitokazo Japani, zenye kikapu mbele, taa ya dainamo na kiti kipana. Kwenye fremu bado kuna kibandiko kidogo cha usajili wa polisi wa kule, na wakati mwingine kibandiko cha pili cha shule au kituo cha treni ambako mwenyewe alikuwa akiiegesha. Gurudumu la nyuma lina kufuli ya duara, na nyingi hufika bila ufunguo. Hizo lazima zikatwe kabla ya safari, kwa sababu baiskeli isiyoviringika huwezi kuipakia bila kuibeba mzobemzobe, na mgongo wa mtu una mwisho wake.

Niliamua kwenda kwenye yadi za magari na baiskeli mkononi. Nilitia mfukoni utepe wa kupimia, nikaikokota baiskeli moja kutoka yadi hadi yadi, mjomba akinifuata nyuma na kofia yake ya vito na bakora. Muuzaji wa kwanza alidhani nimekuja kumpa baiskeli iwe sehemu ya malipo. Nilimwambia nataka kuiingiza ndani ya gari kabla hatujaongea bei. Alicheka, lakini akafungua mlango, na nampongeza kwa hilo. Wapo waliokataa wakihofia viti kuchafuka.

Baiskeli ya namna hii ina urefu wa karibu mita 1.8. Ukiisimamisha, usukani unapita mita moja kwa kiasi kidogo. Upana wa usukani ni sentimita 55 hadi 60. Uzito ni kilo 18 au 20, maana Wajapani huzijenga kwa chuma na hawakuona sababu ya kuzipunguza. Hesabu ya gari iko hapo. Baiskeli sita zina uzito wa kilo mia na ushei, sawa na abiria wawili wenye afya waliokaa kiti cha nyuma, lakini nafasi zinayoitaka ni ya chumba. Watu wengi hawatenganishi uzito na ukubwa. Wakisikia mzigo, wanafikiria injini kubwa, springi za majani na magurudumu manne yanayovuta. Ndiyo maana niliambiwa Land Cruiser. Land Cruiser ingezibeba baiskeli zangu bila kuzihisi, na ingekunywa mafuta ya kulisha boti, halafu nyuma, kati ya matao ya magurudumu na benchi za pembeni, ningebaki natafuta pa kuzipachika.

Probox nilitaka kuipenda. Toyota waliitoa 2002 iwe gari la kazi la makampuni, na Kenya ikaipokea kana kwamba ilitengenezewa Meru: miraa, mikate, kuku, watu saba na mbuzi mmoja, yote Probox hubeba. Sakafu ya nyuma, viti vikilazwa, ni bapa na ina urefu wa karibu mita 1.8. Baiskeli iliingia kwa urefu. Lakini paa liko chini ya mita moja kutoka sakafuni, kwa hiyo haikuweza kusimama. Muuzaji akashauri tuzilaze moja juu ya nyingine.

"Kuzilaza kama ng'onda?" mjomba akamwuliza.

Alikuwa na haki. Baiskeli ikilala, pedali ya juu hutafuta spoku za jirani yake. Mguu wa kuegeshea huchokoa tyubu. Zenye gia hupata shida zaidi, kwa sababu ile mashine ndogo ya nyuma inayohamisha mnyororo ikiegemewa hupinda kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kuufanya mnyororo uruke kila ukikanyaga. Tatu zinalazika bila madhara, ukitia maboksi katikati. Kwa anayebeba moja au mbili za familia, Probox inatosha, tena inazidi. Mimi nilikuwa na sita.

Kilichonishangaza ni Honda Fit. Gari dogo, bei ya kawaida, na mtu huliona likipita bila kugeuza shingo. Honda waliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, kwa hiyo chini ya kiti cha nyuma ni patupu. Makalio ya kiti hicho unayainua yakasimama wima, na unabaki na chumba kirefu kwenda juu, kuanzia sakafu mpaka dari, nyuma tu ya dereva. Nilitoa gurudumu la mbele, nikaiingiza baiskeli kwa mlango wa pembeni, ikasimama. Kuna magari ya saluni marefu kulishinda kwa mita nzima ambayo hayawezi kufanya hivyo hata kidogo. Kama wewe na mwenzako mnapenda kuendesha baiskeli mwisho wa wiki, mnatoka Nyali mnakwenda Vipingo, sioni kwa nini msinunue hili. Tulisimama pale muda mrefu kuliko tulivyohitaji, mimi nikikiinua na kukishusha kiti, na mjomba akiangalia saa ya adhuhuri.

Pikapu zilitupita haraka. Ile ya kebini mbili ina karai fupi, karibu mita moja na nusu, na gurudumu la nyuma la baiskeli hubaki linaning'inia nje. Ya kebini moja ni ndefu vya kutosha, lakini mdomo wake uko juu, kifuani mwa mtu mfupi. Kuinua kilo 20 mara moja si kitu. Kuziinua ukirudia, kwenye jua la Mokowe, gati la boti za Pate, na wa kukupokea juu hayupo, ni habari nyingine. Na njia ya Lamu ina vumbi na hewa ya chumvi, na ina vituo vya kusimama ambapo huwezi kuwa na macho pande zote.

Keria ya juu ya paa niliikataa bila kuipima. Gari likishabeba baiskeli zilizosimama kichwani linakaribia mita tatu kwenda juu, na dereva husahau. Husahau kwenye kituo cha mafuta, husahau chini ya mwembe. Binamu yangu aliyeko Uholanzi alinitumia picha ya njia yao: chuma kinachofungwa kwenye ndoano ya kuvutia trela, nyuma ya gari, baiskeli mbili zikakaa juu yake na taa zake zikawaka. Nambari ya gari inazibwa na baiskeli, kwa hiyo sheria ya huko inataka ibandikwe nyingine kwenye keria, na wakati nambari zao za kawaida ni za manjano, hiyo ya keria ni nyeupe. Kitu kizuri. Kwa barabara nyororo na baiskeli mbili, nadhani hakuna njia bora zaidi. Lakini magari yetu mengi ya mtumba hayana ndoano, na sita haziwezi kuning'inia nyuma ya kitu chochote.

Zikabaki mbili, Hiace na Noah. Hiace, kwa karatasi, inashinda kila kitu: sakafu ya mizigo ya karibu mita tatu, kimo cha zaidi ya mita 1.3, mlango wa nyuma unaofunguka wote. Baiskeli zinasimama na vikapu vyake. Angekuwa na fedha mtu angenunua Hiace na mjadala ukaisha hapo. Bei yake kwenye yadi inajua hivyo, kwa sababu kila Hiace inayoingia nchini inagombewa na wenye matatu. Tena ukiwa nayo barabarani, kila kichochoro kuna mtu anakupungia mkono umpakie.

Noah ndiyo tuliyotoka nayo. Si ya jana. Umri wake ulikuwa umeshapita ile miaka minane ambayo Kenya hairuhusu gari lililoipita kuingizwa nchini, kwa hiyo tuliinunua kwa mtu, si kwa yadi. Ndani ina kimo cha kutosha baiskeli kusimama. Viti vya mwisho hukunjwa vikaegeshwa madirishani, lakini hivyo hula upana, kwa hiyo tulivifungua kabisa na kuviacha nyumbani pamoja na vile vya katikati. Nilipima jambo ambalo wauzaji hawaliandiki popote: kimo cha uwazi wa mlango. Paa la gari hushuka kidogo linapofika mlangoni, na baiskeli inayosimama vizuri ndani inaweza kugonga usukani ikiingia. Hii iliingia kwa kuinamishwa kidogo tu. Kizingiti cha nyuma kilikuwa juu kidogo ya goti. Mjomba alikikanyaga, akashuka, akakikanyaga tena.

"Hapa mtu anashusha peke yake," akasema. Na kwa upande wake biashara ilikuwa imekwisha.

Kupakia alikusimamia yeye. Alikuwa nahodha, na nahodha hapakiziwi na mtu. Aliuliza tena ni baiskeli ipi ya nani na nani atakuwa gatini kupokea, ndipo akapanga: ya mwisho kushuka ndiyo ya kwanza kuingia. Tulitoa pedali kwa spana namba 15. Ya kulia hufunguka kama skrubu yoyote, ya kushoto hufunguka kinyume, na kijana asiyejua hilo huzidi kuikaza mpaka spana imteleze na vidole viumie. Tulilegeza shingo za usukani, tukazigeuza zikawa sambamba na fremu. Vikapu tulivivua tukavitia kimoja ndani ya kingine, mnara mmoja tu. Kisha baiskeli zikaingia kichwa kwa mkia, moja ikitazama mbele na jirani yake ikitazama nyuma, ili usukani mpana wa hii ukae kwenye kiuno chembamba cha ile. Kati yao vipande vya maboksi na kanga kuukuu.

Nilikuwa nimenunua mikanda ya kukazia, ile yenye meno. Mjomba aliitazama akaiweka kando. Mkanda wa namna ile hauna huruma, unakaza mpaka rimu inapinda na mwenyewe hujui. Alitaka mpira wa tyubu, uliokatwa mkanda mrefu, ambao unavutika gari likiruka na kurudi baada yake. Pa kufungia tulipata bure: mashimo ya sakafuni yaliyokuwa ya viti. Boliti zake zilizotoka tulizirudisha na vipete vya chuma, na tayari tulikuwa na nanga sehemu nane, zilizojengwa kushika kiti chenye mtu ndani gari likigonga. Hakuna ndoano ya dukani yenye nguvu kama hiyo. Nashangaa kwa nini jambo hili halisemwi zaidi.

Tuliondoka alfajiri. Daraja la Nyali, Mtwapa, Kilifi na daraja lake la 1991 linalomfanya kila msafiri ageuze shingo kutazama hori, kisha Gede, kisha Malindi, kilomita kama 120 na baiskeli hazijalalamika. Baada ya daraja la Sabaki watu wanapungua barabarani na mashamba ya chumvi ya Gongoni yanang'aa mkono wa kulia. Ukipita hapo ndipo unaposikia gari lako. Plastiki zilizoachwa na viti zilianza kucheza, na kengele ya baiskeli moja, iliyosahauliwa kufungwa kitambaa, ililia yenyewe kila tulipopanda tuta. Mjomba alilala.

Kutoka Garsen kwenda Lamu barabara sasa ni ya lami. Waliopita hapo zamani wanajua maana ya sentensi hiyo: mvua ikinyesha, basi lilikuwa likilala njiani pamoja na abiria wake. Lakini lami haikuondoa ulinzi. Tangu mashambulizi ya 2014 ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, sehemu ile ina vizuizi vingi, na kuna nyakati magari hukusanywa yakapita kwa msafara wenye askari. Kwenye kizuizi ndipo niliposhukuru kwa jambo ambalo sikuwa nimelipigia hesabu. Lori lililotutangulia lilikuwa na magunia, na kila gunia likataka kuchomwa kijiti na kupapaswa. Sisi tulifungua mlango wa nyuma. Askari aliinama akachungulia katikati ya spoku, akaona kiti cha dereva upande wa pili, akaona na miguu ya mjomba.

"Hizi zote zenu?"

"Za watoto wa dada yangu," mjomba akajibu, na kwa namna Wabajuni wanavyohesabu watoto wa dada, hakudanganya.

Witu, Hindi, kisha Mokowe, mwisho wa bara. Hapo ndipo lile swali la mjomba, zitashukia wapi, lilipokuja kujibiwa. Gatini Mokowe hapana nafasi ya kugeuza gari kwa raha. Kuna punda, kuna pikipiki, kuna mahamali wanaokimbilia mzigo kabla hujazima injini, na kuna maji. Mkondo wa Mkanda, ulio baina ya Manda na bara, haupitiki maji yakitoka, na boti za Pate huondoka kwa saa ya bahari. Siku zile zilikuwa za maji mafu, maana yake bahari haijai sana wala haitoki sana, na nahodha wa boti hakutaka kupoteza hata kidogo alichopewa. Tulirudisha gari kinyumenyume hadi karibu na ngazi. Baiskeli ya kwanza ilishuka ikiviringika. Hakuna iliyobebwa, hakuna kilichoinuliwa juu ya goti. Hamali mmoja akaichukua kwa usukani akaishusha ngazi kama anaikokota nyumbani kwake. Lori la magunia lilikuwa bado linafungua turubai tulipokwisha.

Pikapu ingetuchelewesha. Land Cruiser, pia. Niliangalia ule mlango wa nyuma ulivyofunguka wote na kizingiti chake cha chini, nikaelewa kwamba gari la baiskeli hulijui ukiwa yadi, unalijua pale unapoharakishwa.

Kwenye boti sheria zote ziligeuka. Tulizokuwa tumezisimamisha kwa bidii, nahodha alizilaza. Chombo kinataka mzigo wake chini, upepo usipate cha kushika, na baiskeli iliyosimama ndani ya mashua inaanguka kwa wimbi la kwanza ikamvunja mtu meno. Zililazwa juu ya magunia ya unga, upande wa mnyororo ukitazama juu, tukazifunika turubai. Mjomba hakunung'unika, huko hakuwa na la kumfundisha mtu. Tulipotoka Mkanda tukaona kushoto winchi kubwa za bandari mpya ya Lamu, iliyofunguliwa Mei 2021 kwa ajili ya meli za makontena, na sisi hapo chini tukiwa na shehena yetu ya vikapu na kengele. Maji ya chumvi yaliruka mara kwa mara. Kizingitini, kabla ya salamu kwisha, mjomba aliagiza ndoo ya maji baridi na chupa ya mafuta ya cherehani, kila mnyororo ukaoshwa na kupakwa. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye mnyororo, asubuhi unaukuta mwekundu.

Baiskeli zilipata wenyewe. Mwalimu wa madrasa alipata yenye kiti kipana. Mbili zilikwenda kwa vijana wanaopeleka samaki Faza kabla barafu haijayeyuka, na hao walivirudisha vikapu siku ileile, wakataka keria ya nyuma ya chuma ambayo itabeba boksi. Nyingine sitazisimulia, maana ugawaji ulileta maneno, na maneno ya jamaa hayaandikwi.

Jambo la Chula lilizuka usiku, barazani. Binamu yetu mmoja anaishi Kismayo, na simu ilipompata alisema na wao wangetaka mbili, zipelekwe kisiwani. Nilimuuliza huko Kismayo atazibeba kwa gari gani kutoka bandarini hadi ufukweni. Akacheka. Somalia huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi ni haya haya ya Japani, usukani uko kulia. Hiace au Noah kuukuu yenye mlango mmoja wa kusukuma, mlango huo uko kushoto. Kwetu unafungukia kando ya barabara, kwao unafungukia katikati, magari yanapopita. Anayepakia kitu kirefu kwa mlango ule anajitafutia ajali. Kwa hiyo, akasema, wao hawaangalii kitu chochote isipokuwa mlango wa nyuma, na kama mzigo ni mmoja au miwili, wanaita bajaji na kuufunga juu ya turubai. Alitaka baiskeli zisizo na kikapu, zenye matairi manene, kwa kuwa njia za Chula ni mchanga na mawe ya matumbawe, na tairi jembamba la Kijapani huzama hapo mpaka kwenye rimu. Tena zisiwe na gia. Nani atazitengeneza?

Mjomba alimpokonya simu akamwuliza nani atakuwa ufukweni Chula kuzipokea. Wakazungumza hivyo kwa muda mrefu, kwa Kibajuni cha haraka ambacho mimi, niliyekulia Majengo, hukifuata kama mtu anayekimbiza basi lililoshaondoka.

Tulirudi Mombasa na Noah tupu kwa macho, ila si kwa pua: Kizingitini hawakuachi uondoke bila papa mkavu, na sakafu isiyo na zulia la viti hunywa harufu ile ikaishika. Viti vilirudi mahali pake kwa ajili ya arusi ya Ijumaa. Kabla ya kukaza boliti nilizipaka grisi, kwa sababu zitafunguliwa tena, na hewa ya Lamu ilikuwa imeshaanza kuzila.

Baiskeli mbili za Chula nilizipata baada ya kutafuta: matairi ya inchi 26, mapana, fremu nzito, hazina hata taa. Nilianza kuiondolea Noah viti tena. Mjomba alinizuia. Za Chula haziendi kwa njia ya Lamu. Zinapanda jahazi Bandari ya Kale hapa hapa Mombasa, pamoja na bidhaa nyingine za Kismayo, na vichochoro vya Mji wa Kale kuelekea bandarini vina pembe ambazo Noah huzikwangua pande zote mbili. Alikuwa ameshaita mkokoteni. Mwenye mkokoteni alifika akazitazama, akasema baiskeli ni kitu chenye magurudumu, si mzigo wa kawaida, na bei yake ni nyingine.

"Kama zina magurudumu," mjomba akamjibu, "basi zikokote zenyewe na mkokoteni wako uuache hapa."

Hapo wakaanza kupatana upya.